Muulize Mjomba Fundi: Kigitaa Hakisikiki

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka Gitega ya hapa Kigali, na karibu zote zina gitaa ndani. Naona kila kijana amejinunulia lile dogo la robo tatu, na kila aliyenunua ameshagundua kwamba harusini, kinanda kikishawashwa, yeye huonekana tu. Sasa wote wanataka kinasa sauti, au pikapu kama wanavyoiita madukani. Haya.

"Asalaam aleikum Mjomba. Nimenunua kinasa cha sumaku, kile kinachobanwa kwenye tundu la gitaa. Nimechomeka waya kwenye spika, nimepiga mpaka vidole vikavimba, kimya. Muuzaji anaapa ni kizima. Jirani yangu, ambaye naye ni mpigaji, alikuja kukitazama jana yake. Nifikirie nini? Ni mimi Aliyerogwa, Akabahizi."

Waleikum salaam. Jirani yako muache kwanza. Hukuniambia gitaa lako lina nyuzi gani, na wasiosema huwa ni wa nailoni. Kinasa cha sumaku hakina habari na sauti. Kinachokihusu ni chuma kinachotikisika karibu na sumaku, maana mtikisiko huo ndio unaozaa umeme kwenye koili. Uzi wa nailoni kwake haupo. Hata zile nyuzi tatu nene za besi, zilizozungushiwa shaba, sumaku haizitambui.

Najua unachokiwaza sasa, na usithubutu. Seti nyepesi ya nyuzi za chuma huvuta kwa uzito wa kilo 70 hivi. Ya nailoni ni kama 40. Kigitaa kilichotengenezewa nailoni ukikivalisha chuma, daraja litabanduka, na utaniandikia tena. Mrudishie muuzaji kinasa chake. Akikataa, muuzie jirani, kama lake ni la nyuzi za chuma. Huenda ndicho alichokuja kukitazama.

"Mjomba, mimi sikununua, nimetumia akili. Fundi simu wa Nyabugogo amenipa kisahani cha shaba, kile kinacholia ndani ya saa ya mezani. Nimekibandika ndani ya gitaa kwa gundi kali, nikalehemu waya, nikachomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya kwaya. Sauti inatoka, lakini utadhani mtu anakwangua ukoko. Mwalimu amenirudisha kwenye makofi. Ni mimi Mwimbaji, Kora."

Akili umetumia, mwanangu, ila umeishia njiani. Kisahani hicho ni kitu cha maana. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba kuna fuwele ambazo zikibanwa hutoa umeme, na ule unga mgumu mweupe ulio juu ya shaba yako hufanya kazi hiyo hiyo. Chenyewe kinafuata mtikisiko wa ubao, hakichagui nailoni wala chuma. Wapiga inanga wanaoniuliza nawaelekeza huko huko, kwa kuwa ile ni mbao iliyochongwa na nyuzi zake si lazima ziwe za chuma.

Kosa la kwanza liko kwenye mikisa. Umeme wa kisahani ni mchovu, unataka kupokelewa mahali penye ukinzani mkubwa, mega-omu 1 kwenda juu. Tundu la kawaida la mikisa lina kilo-omu 10 hivi. Ukichomeka hapo, besi yote inapotea na unabaki na huo ukoko. Tafuta kijisanduku cha priampu, ukiweke katikati, na waya wa kutoka kwenye gitaa mpaka kwenye priampu uwe mfupi na wenye kinga, la sivyo utanasa mngurumo wa umeme wa ukutani. Baadhi ya mikisa ina kitufe cha gitaa pembeni ya tundu. Kitazame kabla hujatoa pesa.

La pili ni gundi. Kubandika kwa gundi kali kabla hujajaribu mahali ni kuoa kwa picha. Ungeanza na ule utepe mwembamba unaonata pande mbili. Ingiza mkono tunduni, weka kisahani chini ya ubao wa juu, karibu na daraja, piga, sikiliza. Kisogeze sentimeta mbili, piga tena. Karibu na daraja sauti ni kali na safi. Ukienda mbali nalo inavimba, na kila unapogusa ubao kwa mkono wa shati, waumini wote wanasikia hilo shati. Katikati ya hapo na pale kuna mahali ambapo wewe mwenyewe utasema, ndiyo, hili ndilo gitaa langu.

Wala usitegemee zaidi ya hapo. Tumbo dogo lina besi ndogo, na hakuna kinasa kinacholikuza. Wenye pupa hukazana na kitufe cha besi mpaka spika inapiga yowe. Hilo likikufika, ziba tundu kwa kifuniko cha mpira, kisha usisimame mbele ya spika.

"Mjomba, mume wangu ana gitaa la marehemu baba yake, aliyelipigia Likasi ujanani. Leo ameazima drili. Niokoe. Mke wa Msanii."

Ficha drili, kisha endelea kusoma. Anataka kuweka jeki kwenye mkia wa gitaa, na hilo ni tundu la milimita 12 kupita kwenye gogo la ndani. Fundi mwenye zana hulifanya vizuri. Mwenye drili ya kuazima huchana mbao.

Mkumbushe kwamba huko huko Likasi, wakati huo ikiitwa Jadotville, ndiko mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alikomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco mwaka 1952. Gitaa kavu, kidole gumba na cha shahada, maikrofoni mbele. Mpaka leo wapiga gitaa wanajiumiza vidole kwa kumfuatisha. Mumeo naye aweke maikrofoni sentimeta 25 hivi kutoka kwenye gitaa, ielekee pale shingo inapokutana na tumbo, si kwenye tundu.

Barua moja imepotea njia, imetoka Gitega ya Burundi, inauliza kinasa cha ngoma. Ndugu yangu, mko jirani na Gishora, nyumbani kwa ngoma. Ngoma zile mnataka nani tena azisikie?

"Mjomba, mimi sina gitaa, nina ukuta. Nyuma yake kuna kijana wa kwaya na spika. Ni mimi Asiyelala, Kora."

Pole sana. Tangu Septemba 2023 baa za Kigali hufungwa saa 7 usiku, Ijumaa na Jumamosi saa 8, na naona huyu anaanza zamu yao. Mwone mkuu wa mudugudu kwa upole. Wakati unasubiri, jua kwamba priampu ya betri haina haja ya swichi: jeki ikiingia inawaka, na waya ukiachwa umechomekwa, betri ya volti 9 inaliwa usiku kucha. Hilo kijana sikumwambia. Nawe usimwambie.