Sifa za Jiwe Lisilo na Cheo

Milima ina wasifiaji wa kutosha. Jebel Kujur, magharibi ya Juba, hupigwa picha na wageni, na wanaoupanda hushuka wakijisifu wiki nzima. Mimi namsifu jirani yetu wa kiwanjani hapa New Site: jiwe lisilofika mara mbili ya kimo cha mtu, lililoinama mbele kama mlevi anayetafuta funguo. Chini ya kidari chake hulala mbuzi, na watu wasio na haya hujisaidia.

Kwanza, halina faida, na hilo ndilo lililoliokoa. Kule Jebel akina mama na watoto hushinda juani wakiponda mawe kwa nyundo, wapate kokoto za kuwauzia wajenzi. Mji huu umeinuka kwa migongo yao. Letu lilionekana dogo mno kwa biashara na gumu mno kwa nyundo. Wanyakuzi wa ardhi nao, ambao Juba haijawahi kuwakosa, walilitazama wakaona halichimbiki msingi. Likabaki letu kwa hisani ya ubovu wake.

Halafu lina msimamo. Mlima humkubali yeyote mwenye miguu na chupa ya maji. Kulikwea jiwe letu unaanza umekaa, makalio yakikaribia mavumbi, vidole vya kulia ndani ya ufa, kisigino umekiangika kwenye ukingo usawa wa sikio. Unakaza tumbo, unarusha mkono wa kushoto juu, na papo hapo uko chali kwenye godoro la sponji ukitazama helikopta ya UN ikipita. Jitu la kunyanyua vyuma huanguka; kijana mwembamba aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma hupita peku. Jiwe halijui kabila la mtu wala cheo cha mjomba wake. Mjini hapa, niambie ofisi gani nyingine iko hivyo.

Finland wana jiwe lenye njia iitwayo Burden of Dreams, fupi tu nayo, iliyomhangaisha Nalle Hukkataival miaka kadhaa mpaka akaimaliza mwaka 2016, na daraja la ugumu la V17 likatajwa kwa mara ya kwanza duniani. Wakweaji wa huko husubiri baridi ili vidole visiteleze. Sisi husubiri alfajiri. Machi 2024 joto la hapa lilitabiriwa kufika nyuzi 45, serikali ikafunga shule. Mchana wa namna hiyo jiwe letu linaivisha yai, na anayelishika huacha ngozi. Wengine huiita hasara. Mimi naiita kodi, na ndiyo kodi pekee niijuayo ambayo mtozaji wake harudi kesho na kitabu kingine cha risiti.

Mama muuza chai alitutazama siku moja tukianguka kwa zamu, akauliza, "Sasa wanangu, huko juu kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Na mkifika?"

"Tunashuka."

Akatumiminia chai, na ya yule aliyechunika kiganja akaitia sukari vijiko vinne bila kumuuliza. Tangu siku hiyo hudai pesa yake kabla hatujaanza kupanda.