Pikapu na Uzani wa Shemeji
Sidhani kuna taifa litukuzalo pikapu kama Marekani, ambako muungwana mwenye azma ya kukokota tela la kilo 5,000 mara mbili kwa mwaka huona hadhi yake haitatimia ila kwa Ford F-350 ya dizeli, yenye magurudumu manne nyuma, kisha akaitunza kama bibi arusi, isije ikakwaruzwa na kazi. Aghalabu husoma kwa taadhima ile tarakimu kubwa ya kukokota iliyopambwa katika tangazo, walakini hakitazami kibandiko kinyonge kilichopo kwenye mwimo wa mlango wa dereva, ambacho, bila ya ufasaha wala tarumbeta, humweleza uzani ambao gari lenyewe laweza kuubeba. Nalo tela la kawaida huilemea kulabu kwa 10 hadi 15 kwa mia ya uzani wake. Juu ya hayo hupanda bibi, watoto, mbwa, sanduku la barafu na shemeji asiyealikwa, na wote, bila kujali nasaba, huingia, pamoja na mzigo huo wa kulabu, katika hesabu ileile ya kibandiko. Basi, maadamu tangazo halimjui shemeji, mnunuzi mwenye busara na ampime kwanza huyo, ndipo aulizie nguvu za injini.