Warithi wa Vanishi

Meza ya mninga ya marehemu babu ilikaa uani miaka nenda rudi, ikibeba ndoo na masufuria, wala hakuna aliyeigombea. Sasa shemeji yetu kaivalia njuga: msasa namba 80 wa kukwangua vanishi kuukuu, 120 wa kulainisha, 240 wa kumalizia. Majirani wanakohoa vumbi. Mafundi seremala wa mtaa wa Keko wangeimaliza kimyakimya, ila wao hawajipigi picha kila hatua. Haya, hongera, vanishi mpya imekolea, meza inang'aa. Ndugu nao wamefurika, kila mmoja akikumbuka vizuri kwamba babu alimwahidi yeye. Tunamsubiri atakayekumbuka kwamba babu alimwachia pia deni la dukani.