Fildi ya Jamii Bila Jamii: Mwongozo kwa Mwanachuo wa Afya

Hongera, umepangiwa Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe. Chuo kinataka ukae na wananchi, mtambue tatizo lao, mlitatue pamoja. Usitishike. Maksi ziko kwenye ripoti, na ripoti huandikwa umekaa.

1. Anzia kwa mtendaji. Msalimie kwa unyenyekevu, saini daftari la wageni, omba muhuri siku hiyohiyo. Ukishagongewa, fildi imeisha. Zimebaki siku tu.

2. Vaa koti jeupe kila mahali, hata kwa mama ntilie. Atakuita daktari. Usimsahihishe, heshima haikataliwi.

3. Chagua tatizo kabla hujaonana na mtu. Vyoo havimwangushi mwanafunzi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi. Wakasikiliza redio, wakajadiliana, ndipo wakachimba vyoo. Wewe chukua vyoo, majadiliano waachie wazee wako.

4. Kaa mbali na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Wilaya hii inayo, na wachimbaji wadogo wana maneno: watakueleza vumbi la mawe linavyoingia mapafuni, na zebaki wanavyoishika kwa mikono mitupu kisha wakaichoma, moshi wakauvuta. Hapo utalazimika kufikiri, na dodoso lako halina kisanduku cha zebaki.

5. Madodoso jaza mwenyewe kivulini. Badilisha kalamu, badilisha mwandiko. Hapa na pale weka "sijui", ionekane uliuliza kweli.

6. Tengeneza kibuyu chirizi kimoja. Msimamishe bibi wa jirani pembeni yake, anawe mikono, piga picha. Kikikauka kesho yake, hilo ni suala la uendelevu. Lina aya yake kwenye ripoti.

7. Pendekeza hivi: "Jamii ielimishwe." Usiseme na nani, lini, wala kwa fedha ipi. Na matokeo usiwarudishie wanakijiji. Watasoma, watauliza ni kaya zipi hizo ulizozitembelea.

Utafaulu, tena vizuri. Kuna hatari moja tu: ajira zikitoka, unaweza kupangiwa zahanati ya hukohuko. Akija mchimbaji anayetetemeka mikono, usimuulize anafanya kazi gani. Mpe Panadol, kisha andika barua ya uhamisho.