Yah: Shukrani za Mgonjwa wa Mgongo

Wakurugenzi,
Purdue Pharma,
Stamford, Connecticut,
MAREKANI.

Ndugu Wakurugenzi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, mgonjwa wa mgongo wa miaka mingi, na kama wagonjwa wote wa mgongo nimeshatibiwa na kila mtu: shemeji, konda wa daladala, fundi cherehani. Hatufahamiani. Ila nimeona si uungwana mtu kutendewa hisani kubwa namna hii halafu akae kimya.

Nianze na haki yenu, na hapa sina kejeli. Mlipoingiza OxyContin, kidonge chenu cha maumivu cha jamii ya afyuni, sokoni mwaka 1996, wagonjwa wengi wa maumivu ya muda mrefu walikuwa wakionekana wadekaji. Mwenye maumivu hupaswa kusadikiwa. Nyinyi mkamsadiki, tena kupita kiasi. Kwenye sherehe ya uzinduzi, Richard Sackler, wa familia yenye kampuni yenu, aliahidi kwamba vyeti vya dawa vitamwagika kama dhoruba ya theluji. Sisi wa pwani theluji tunaisikia Kilimanjaro tu, lakini tumemwelewa.

Ikamwagika kweli. Madaktari wakapewa kofia za kuvulia samaki, midoli ya manyoya na CD za muziki wa dansi zenye jina la dawa. Wagonjwa wakapewa vocha za kuanzia bure, siku 7 mpaka 30. Anayejua biashara ya unga atatambua kwamba ya kwanza huwa haiuzwi.

Kilichonivutia zaidi ni ushahidi. Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa barua ya Jane Porter na Hershel Jick. Sentensi tano. Walikuwa wamepekua mafaili ya wagonjwa waliolazwa hospitalini, wakakuta 11,882 waliopewa angalau dozi moja ya dawa kali za maumivu, na wanne tu ndio walioandikwa kuwa wamepata uraibu. Watu wamelazwa, nesi yupo, na dawa inafungiwa kabatini. Mtu anayerudi nyumbani na kopo la vidonge, akameza mwaka mzima peke yake, hakutajwa popote. Hata hivyo barua ikapanda cheo, ikawa utafiti. Waliokuja kuhesabu mwaka 2017 walikuta imenukuliwa mara 608, na katika kila wanukuzi kumi, wanane hawakusema kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Mawakala wenu nao wakapita zahanati kwa zahanati na wimbo wa aina hiyohiyo: uraibu haufiki hata asilimia moja, daktari, andika tu.

Ndiyo maana nami nimechagua njia ya barua. Huku kwetu barua ya mwananchi huishia masijala. Kwenu ilifika famasia.

Nije kwenye zile saa kumi na mbili mlizoahidi kwa kila kidonge. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi. Wapo ambao dawa iliwaishia mapema, wakabaki wanahesabu saa huku jasho likiwatoka. Dawa isiyofika mwisho wa safari yake, mtu wa kawaida angesema haitoshi kwa saa hizo, ipewe mara nyingi zaidi. Mawakala wenu wakashauri madaktari waongeze nguvu: miligramu 20 iwe 40, 40 iwe 80. Mwaka 2000 kikaja hata kidonge cha miligramu 160, mkakiondoa mwaka uliofuata. Na mgonjwa aliyelilia dozi kabla ya wakati wake mlikuwa na maelezo yake tayari: huo ni uraibu bandia. Anafanana tu na mraibu kwa sababu hajapewa ya kutosha, mwongezeni. Mmoja wa madaktari wawili waliobuni nadharia hiyo mwaka 1989 mlikuja kumwajiri. Vijana wa maskani hapa mjini arosto ikiwabana hukunjamana mpaka chini, na sijasikia hata mmoja akifarijiwa kwamba yake ni bandia.

Naomba mnivumilie hapa, maana ndipo penye ufundi wenyewe. Mwili uliozoea dawa za jamii ya afyuni ukikosa dozi hulipiza: jasho, kuhara, usingizi kupotea, na kiungo kilekile kinachouma sasa kinauma zaidi. Mgonjwa hawezi tena kujua kinachomtesa ni mgongo au ni kukosa kidonge. Yote mawili yanatulizwa na kidonge hichohicho, na mwenye kidonge ni nyinyi. Muuza maji gani wa Kariakoo ana bidhaa inayoongeza kiu?

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 240 wa mgongo, nyonga na magoti waliofuatiliwa kwa miezi 12. Waliopewa dawa za jamii ya afyuni hawakuwa na nafuu zaidi ya waliotumia parasetamoli na nyingine za kawaida. Utafiti huo haukugawiwa pamoja na kofia.

Ya mahakamani napita haraka, mnayajua kuliko mimi. Mwaka 2007 kampuni dada yenu ilikiri kosa la kuinadi dawa kwa udanganyifu, pamoja na wakuu watatu. Zililipwa zaidi ya dola milioni 600, na hakuna aliyelala jela. Mwaka 2020 mkakiri tena. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa mpango wa kuikinga familia ya Sackler na kesi. Kufikia wakati huo madaktari walikuwa wameogopa na kuwakatia waliozoeshwa vidonge ghafla, na wengi wao walikuwa wameshahamia heroini, kisha fentanili.

Sasa deni ninalowadai. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilieleza kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Hofu ya mofini huku haikuanza na nyinyi, lakini mmeipatia mfano wa kutajia. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi anapewa Panadol. Ndugu wakiuliza mofini, wanajibiwa: mnataka azoee? Ana wiki chache za kuishi, nasi tunamlinda asije akawa teja. Majirani zetu Uganda waliliona hili mapema. Tangu daktari Anne Merriman aanzishe shirika la Hospice Africa mwaka 1993, wao huchanganya unga wa mofini na maji na kutia rangi kutofautisha nguvu, na tangu 2004 sheria inamruhusu nesi aliyefunzwa kuiandika. Dawa ya chupa, haina midoli.

Kwa hiyo, Ndugu Wakurugenzi, fedha siombi. Naomba mawakala wenu wa zamani wa mauzo. Watu waliomshawishi daktari wa West Virginia kumwandikia OxyContin mwenye kiuno, hawatashindwa kumshawishi mganga mkuu wa wilaya kumwandikia mofini anayekufa. Nauli tutachanga. Wasije na vidonge, wasije na vocha, na mgongo wangu wauache kama ulivyo.

Naomba kuwasilisha.

Mgonjwa wa mgongo,
Dar es Salaam.

Nakala:
Jumba la Makumbusho la Louvre, Paris: kwa taarifa tu, najua jina la Sackler mlishaliondoa 2019.
Mhariri, New England Journal of Medicine: tafadhali msiichape ukurasa wa barua.
Muuza duka la dawa wa mtaani kwangu: ile diklofenaki naifuata jioni. Cheti bado sina, na najua hutaniuliza.