Jinsi ya Kufundisha Timu ya Watoto Milimani Lushoto

Kwanza, sahau uwanja tambarare. Ukiutaka, teremka Mombo. Huku Usambara uwanja una juu na chini: timu inayoanzia juu hufunga kipindi cha kwanza, inayoanzia chini hulipa cha pili. Wazoeze watoto kuhesabu mabao mwisho wa mchezo. Aliyefungwa manne akiwa chini asilie. Zamu yake ya kuteremka inakuja.

Pili, weka mchezaji wa kumi na mbili bondeni. Kazi yake ni kuuwahi mpira kabla haujaingia kwenye kabichi za watu. Mpe mwenye mbio kuliko wote, na umbadilishe mara kwa mara, maana cheo hicho watakigombea. Kabichi ikivunjika, nahodha aende mwenyewe kwa mwenye shamba, aanze na shikamoo. Mtoto aliyejua kumwomba radhi bibi mwenye jembe mkononi hatamzonga refa.

Tatu, anza mazoezi kazi za nyumbani zikipungua. Ng'ombe wengi huku hufugwa zizini, na watoto ndio huwakatia majani kwenye kingo za matuta. Mchezaji wako atafika na mzigo kichwani. Usimrudishe: mizigo miwili ni goli moja, minne ni uwanja mzima. Na mchezo utakwisha kwa wakati, kwa sababu ng'ombe wanazisubiri nguzo.

Nne, panga safari ya ugenini. Kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 30 za kona, na unashuka karibu mita 1,000. Watoto wale chakula wakishafika, si kabla ya kupanda gari. Kule chini joto litawapiga, na watashangaa kuona mpira ukiwekwa unakaa. Wape robo saa tu wazoee. Miguu iliyokulia kwenye vilima haichoki mapema.

Tano, usiwapange wenye chenga peke yao. Yupo mtoto mkimya, beki anayecheza peku, ambaye hajawahi kushangiliwa kwa jina lake. Mvishe kitambaa cha unahodha wiki nzima. Mabega yatanyooka, na mama yake atakusimamisha sokoni: "Mwalimu, umemfanya nini huyu? Siku hizi anaamka mwenyewe." Ubingwa wa Bara wa Coastal Union mwaka 1988 ni fahari ya mkoa wetu wa Tanga, maneno ya mama huyo ni fahari yako wewe.

Sita, siku moja mvua ya vuli itakuchelewesha, uwakute wameshajaza mpira upepo, wamepanga vikosi na wamemtuma mtu bondeni. Usiwaingilie. Shika kibendera pembeni, kisha anza kuulizia kijiji cha jirani ambacho watoto wake bado hawana kocha.