Baba Mkubwa na Herufi za Gia

Baba mkubwa alikula ujana wake wote kwenye malori, na kwake gari lisilo na klachi ni toroli lenye redio. Kwa hiyo nilipomwachia usukani wa kigari changu cha Kijapani kwenda Iringa, hakutaka maelezo. "Mwanangu, gia ni gia."

Tatizo, mguu wake wa kushoto haujapata habari za kustaafu. Kila gari lilipoongeza mwendo, mguu ulikwenda kutafuta klachi, ukaangukia breki, nami na mama mkubwa tukasujudu kuelekea dashibodi.

Ukiwa kwenye D, ukiachia breki gari hujivuta lenyewe. Ndivyo lilivyoundwa. Kwenye foleni ya Kimara aliachia breki apanguse miwani, tukaanza kulinyemelea daladala la mbele.

"Gari lina jini hili?"

"Liko D, baba mkubwa."

Kutoka P kwenda D lazima upite R, na taa nyeupe za nyuma huwaka kidogo. Wenye haraka hupita tu. Yeye alihamisha gia kwa adabu ya lori, akatua R kuvuta pumzi. Bodaboda aliyekuwa nyuma yetu akatutajia ukoo mzima.

P aliiamini kupita kiasi. Alisimama mlimani, akatia P, akashuka bila kugusa handibreki. Ndani ya gia boksi kuna kichuma kidogo kinachojichomeka kwenye meno na kuzuia magurudumu. Uzito wote wa gari ukamwelemea maskini huyo. Kuitoa P, gari likalia kong! "Limevunjika!" akapiga kelele mama mkubwa. Utaratibu ni huu: mguu kwenye breki, N, vuta handibreki, achia breki, ndipo utie P.

Kwenye miteremko aliweka N "kubana mafuta". Lakini magari ya siku hizi, ukiwa D na umeondoa mguu kwenye mafuta, hukata mafuta yenyewe na magurudumu ndiyo huzungusha injini. Ukiweka N, injini lazima iendelee kunywa ili isizimike. Alikuwa anabana kwa kumwaga.

Wakati wa kurudi tukafika mlima Kitonga. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kwenye otomatiki, hekima hiyo inakaa chini kabisa, kwenye 2 na L: gia inabaki ndogo, injini inalishika gari, breki zinapumua. Nikamwonyesha.

"Hiyo L ni ya lena. Mimi nina leseni."

Tukashuka na D, mguu juu ya breki kutoka kileleni hadi bondeni. Harufu ya kuungua ikaingia. "Unaona lori hilo la mbele? Madereva wa leo hawajui kushuka mlima." Lori likaenda zake, harufu ikabaki. Ruaha Mbuyuni tukasimama kununua vitunguu. Muuzaji akaziba pua.

Baba mkubwa akainama, akayatazama magurudumu yanavyofuka moshi, akatikisa kichwa. "Lori lile limetuambukiza."